Uzazi wa Bethlehemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya kuhusu Mariamu alivyomzaa Yesu huulizwa zaidi mwezi Desemba. Mengine huulizwa na watoto wa shule ya Jumapili, mengine na mama zao wakiwa jikoni, wachungaji wakiwa mbali (wa kanisa, si wa kondoo). Majibu yametoka kwenye Injili pale Injili ilipojibu, na kwenye vitabu vya kale, picha na mapokeo pale iliponyamaza. Kwa habari za uzazi, imenyamaza sana.

Kujifungua kwenyewe kumeandikwa wapi?

Luka 2:7. Ni mstari mmoja: "akamzaa mwanawe, kifungua mimba, akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Mathayo anapita mbio zaidi. Marko anaanza na mtu mzima anayebatizwa, na Yohana anaanzia kabla dunia haijaumbwa.

Lakini angalia Luka alivyopanga mambo yake. Ametupa jina la Kaisari, jina la liwali wa Shamu, amri ya kuandikwa watu, ukoo wa Yusufu na mji wa Daudi. Uchungu ulianza saa ngapi, nani alishika taa, nani alichemsha maji, hatuambiwi. Mwulize mwanamke yeyote habari za siku aliyojifungua, uone kama ataanza na jina la mkuu wa mkoa.

Miezi ya kwanza ya mimba ilikuwaje?

Mariamu alifanya jambo la busara, alikwenda kwa ndugu yake. Luka anasema aliondoka kwa haraka mpaka nchi ya milimani, Yuda, nyumbani kwa Elisabeti, akakaa huko kama miezi mitatu. Ukipiga hesabu, ni ile miezi mitatu ya kichefuchefu na ya kusinzia mchana. Mwenyeji wake naye alikuwa na mimba ya miezi sita, katika umri ambao majirani walishakata tamaa naye. Na baba mwenye nyumba, Zakaria, alikuwa bubu tangu malaika alipomfunga kinywa hekaluni kwa kutoamini. Wajawazito wawili nyumba moja, na mwanamume asiyeweza kutoa ushauri! Sijui kliniki gani imewahi kuwapa wateja wake mpango mzuri kuliko huo.

Kisa cha kumpa jina mtoto wa Elisabeti kinastahili kusomwa polepole. Jamaa walitaka aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Amesema kwa sauti, na mtoto kamzaa yeye. Jamaa wakamwacha palepale, wakamgeukia mzee asiyesema wakaanza kumwashiria kwa mikono awaambie yeye anataka jina gani. Ikabidi aombe kibao aandike jina lilelile la mkewe. Hayo yako Luka 1:59 hadi 63, na mwanamke aliyewahi kukaa kikao cha ukoo hahitaji kufafanuliwa.

Kwa nini walisafiri mimba ikiwa kubwa vile?

Kwa sababu serikali ilitaka watu waandikwe, na serikali haikuuliza nani ana mimba ya miezi mingapi. Kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu kwa njia ya bonde la Yordani ni kama kilomita 150. Ugumu zaidi uko mwishoni. Yeriko iko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200, Bethlehemu iko juu ya usawa huo kwa zaidi ya mita 700, kwa hiyo siku za mwisho za safari ni kupanda mlima mfululizo na miguu iliyovimba.

Hata hivyo tumpunguzie Yusufu lawama kidogo. Ule usiku wa kubisha mlango hadi mlango, mke akiugulia na mwenye nyumba akitikisa kichwa, haumo kwenye Injili. Luka anasema siku za kuzaa zilitimia walipokuwa wanakaa huko. Walikuwa wameshafika, pengine kwa siku kadhaa. Na yule mwenye gesti anayefukuza watu katika maigizo yetu hana hata mstari mmoja. Tumemtunga wenyewe tupate wa kumchukia.

Punda je?

Hayumo. Anatoka kwenye kitabu kinachoitwa Injili ya Yakobo, cha karne ya 2, ambacho hakikuingia kwenye Biblia. Ng'ombe na punda wa pale horini wameazimwa kutoka Isaya 1:3, na mwaka 1223 Fransisko wa Asizi akawaleta wazima wazima kwenye pango la Greccio, Italia. Tangu hapo hawajaondoka. Wanaodhani punda ni nafuu kwa mjamzito wa miezi tisa wamwulize aliyepakiwa bodaboda kwenye barabara ya makorongo akiwa na tumbo hilo.

Ni kweli walikosa gesti?

Wataalamu wengi wa Agano Jipya siku hizi wanaona kwamba palipojaa ni chumba cha wageni ndani ya nyumba ya jamaa. Bethlehemu ulikuwa mji mdogo, na kwa Yusufu ndiko kwao asili. Nyumba za wakulima wa huko zilikuwa na sakafu ya juu kidogo wanapolala watu, na sehemu ya chini wanapoingizwa wanyama usiku, hori likiwa katikati. Chumba cha wageni kikijaa, mzazi anapelekwa pale penye nafasi na joto, yaani chini.

Wengine wanasema lilikuwa pango. Justino Mfiadini alikwisha kuliandika pango hilo katika karne ya 2, na Kanisa la Uzazi lililozinduliwa Bethlehemu mwaka 339 limejengwa juu yake. Leo sakafuni kuna nyota ya fedha yenye ncha 14, na mlango wa kuingilia kanisani ni mfupi kiasi kwamba kila mtu, askofu kwa mtalii, huinama. Nyumba ya jamaa na pango havigombani, maana kwenye vilima vile nyumba zilijengwa mbele ya mapango na pango likatumika kama zizi.

Ila mkubali kwamba hadithi ya nyumba ya jamaa inageuza kabisa hali ya Mariamu. Tulizoea kumwonea huruma kwa upweke. Sasa fikiria ukoo mzima wa Daudi umerudi nyumbani kuandikishwa, na wewe mgeni kutoka Galilaya unajifungua kwenye sakafu ya chini, mawifi na mashangazi wa mume wako juu ya ngazi, kila mmoja na dawa yake. Huenda hori lile lilikuwa mahali pekee pa kumweka mtoto bila mtu kumnyakua kumbusu.

Mkunga alikuwa nani?

Luka hamtaji, na vitenzi vyake vyote vinamhusu mama: akamzaa, akamvika, akamlaza. Wakristo wa kale hawakuamini kwamba wanawake wa Bethlehemu wangemwacha binti ajizalishe peke yake, na Injili ya Yakobo ikaziba pengo.

Humo Yusufu anamwacha Mariamu pangoni, anatoka kutafuta mkunga wa Kiebrania, anakutana na mama mmoja akishuka mlimani. Yule mama, kama wakunga wote, kabla hajaongeza mwendo anataka maelezo. Anayejifungua ni nani? Mchumba wangu, anasema Yusufu. Kwani si mkeo? Hapo maskini anaanza kujieleza: nimepewa kwa kura awe mke wangu, lakini si mke wangu, mimba ni ya Roho Mtakatifu. Mkunga anauliza kama hayo ni kweli. Yusufu, aliyeishiwa maneno, anamwambia, "Njoo uone." Waliowahi kujaza fomu mapokezi huku mgonjwa wao anaugulia pembeni watamwelewa.

Baadaye anakuja mwanamke mwingine, Salome, ambaye hataki kuamini kwamba bikira amezaa mpaka ampime kwa mkono wake. Anampima, na mkono unaanza kuungua kama umetiwa motoni, mpaka anapombeba mtoto ndipo unapona. Msomeni Salome kama mnavyotaka. Mimi nadhani kisa hiki kilipendwa zaidi na wanawake waliowahi kupimwa bila kuombwa ruhusa.

Kitabu kilikataliwa, lakini wakunga walibaki. Katika picha takatifu za Waorthodoksi wapo wawili, wamekunja mikono ya nguo zao, wanamwogesha mtoto kwenye beseni na mmoja anapima joto la maji kwa kiganja. Mariamu amelala kwenye godoro jekundu, amechoka, uso ameugeuza pembeni. Yusufu yuko kona ya chini, mkono shavuni, kama kina baba wote wanaosubiri nje ya wodi.

Je, alisikia uchungu?

Hapa tembea taratibu, maana kuna watu wenye imani zao. Mababa wengi wa kanisa walifundisha kwamba hakusikia, kwa kuwa adhabu ya Eva katika Mwanzo 3:16 haikumhusu. Katika karne ya 14 Birgita wa Uswidi alieleza maono yake: Mariamu alipiga magoti kusali, na kufumba na kufumbua mtoto yuko chini mbele yake, ang'aa. Wachoraji wa Ulaya waliyapenda sana maono hayo. Godoro likatolewa, wakunga wakafukuzwa, na tangu wakati huo tunaye Mariamu aliyejifungua sasa hivi, amepiga magoti kwenye sakafu ya mawe, mgongo wima, nywele zimechanwa. Wachoraji hao walikuwa karibu wote wanaume.

Kurani inasema vingine. Katika Sura ya Maryam uchungu unampeleka kwenye shina la mtende, naye anatamani laiti angekufa kabla ya hayo akasahaulika kabisa. Maneno hayo ukiyasema leba, hakuna atakayekuuliza wewe ni wa dini gani. Anajibiwa kwa mambo yanayoshikika: maji yanapita chini yako, tikisa shina uangushiwe tende mbivu, ule, unywe, utulie. Na ukimwona mtu yeyote, mwambie umeweka nadhiri ya kutosema na mtu leo. Kwa ushauri wa baada ya kujifungua, sijasikia unaoupita huo wa mwisho.

Tende nazo si hadithi tupu. Utafiti uliofanyika Jordan na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuata wajawazito waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho, na wachache zaidi kati yao walihitaji kuanzishiwa uchungu kuliko wasiokula.

Alikula nini baada ya kujifungua?

Swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu, na Injili haina jibu. Lakini waumini wa kawaida wa ufalme wa Konstantinopoli walilifikiria. Siku baada ya Krismasi walikuwa wanapika unga laini wa ngano, wanagawiana nyumba kwa nyumba kwa heshima ya mzazi. Mama amejifungua jana, leo apelekewe chakula chake. Nani angehitaji kufundishwa hilo?

Mwaka 692 maaskofu zaidi ya 200 waliketi kwenye ukumbi wenye kuba katika jumba la mfalme, na kati ya kanuni walizotunga, ya 79 ilipiga marufuku uji huo. Hoja yao ilikuwa kwamba uzazi wa Bikira haukuwa na mambo ya uzazi wa kawaida, kwa hiyo kumpikia kama mzazi wa kawaida ni kumvunjia heshima. Kasisi atakayepika avuliwe daraja, na muumini atengwe na ushirika.

Naielewa teolojia yao, na simcheki mtu kwa imani yake. Nacheka ninapowaza jiko lenyewe. Kuna bibi mmoja ana mwiko mkononi, amezoea kupeleka bakuli kwa jirani kila tarehe 26, anaambiwa maaskofu wamekaa mjini wakaujadili uji wake. Kanuni haikutungwa kwa jambo linalofanywa na watu watatu, kwa hiyo uji ulikuwa mwingi. Na wapishi walikuwa wameona kitu ambacho ukumbi mzima haukukiona: katika sherehe yote ile, mwenye njaa kweli alikuwa mmoja.

Mtoto alilia?

Alilia. Nyimbo zinazosema hakulia zimetungwa na watu waliolala chumba kingine. Katika Hekima ya Sulemani, mfalme mwenyewe anasema sauti yake ya kwanza ilikuwa kilio, sawa na watu wote, na kwamba alilelewa akiwa amefungwa nguo za kitoto. Mkunga akikosa kukisikia kilio hicho, ndipo anapoanza kukimbia.

Wageni wa usiku walikuwa lazima?

Wachungaji wa kondoo walikuja usiku uleule, moja kwa moja kutoka malishoni, na Luka hataji kwamba walibeba chochote. Walimwona mtoto, wakaeleza habari za malaika, wakaondoka wakizitangaza. "Bali Mariamu akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake." Mahubiri mengi mazuri yametolewa juu ya mstari huo na tafakari yake ya kina. Nakubaliana nayo. Inawezekana pia kwamba alikuwa amechoka sana hata hawezi kujibu.

Haya yote si mzaha uliopita kiasi? Uzazi wa zamani ulikuwa hatari.

Ulikuwa hatari, na Bethlehemu ilijua hivyo kuliko miji mingi. Rakeli, mke wa Yakobo, alipatwa na uchungu mzito karibu na Efrata, ndiyo Bethlehemu, mkunga akamwambia asiogope kwa kuwa anapata mtoto mwingine wa kiume. Benyamini akazaliwa, mama akafa, akazikwa njiani. Mahali panapoheshimiwa kama kaburi lake ni kwenye njia ya kuingilia mji ukitokea Yerusalemu. Mjamzito wa Kiyahudi akipita pale alikuwa anajua anapita wapi.

Alikaa arobaini?

Alikaa, kwa sheria. Mambo ya Walawi 12 inampa mama wa mtoto wa kiume siku 7 na nyingine 33, jumla 40. Wa binti anapewa 80, na hakuna mwenye binti niliyemsikia akilalamikia nyongeza. Mwishoni hutolewa mwanakondoo na ndege mmoja, na asiye na uwezo wa mwanakondoo anatoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege tu. Kwa hiyo siku ya arobaini ya Mariamu mfukoni hakukuwa na dhahabu ya mtu yeyote, na mamajusi walikuwa hawajafika.

Hekaluni mzee Simeoni alimbeba mtoto, akamshukuru Mungu kwa maneno matamu, kisha akamgeukia mama na kumwambia kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Wazee wa namna hii wapo kila ukoo.

Zawadi za mamajusi zilimfaa mzazi?

Kuliko watu wanavyosema. Mathayo anasema waliingia nyumbani, wala hasemi walikuwa watatu. Herode aliua watoto wa miaka miwili kushuka chini kufuatana na muda aliouhakikisha kwao, kwa hiyo huenda waliyemkuta alishaanza kutembea na kutia kila kitu mdomoni. Dhahabu ni nauli ya Misri. Manemane ni dawa ya vidonda. Ubani utakuwa umemfurahisha mama kuliko vyote. Wanawake wa Pwani yetu, wanaofukiza chumba cha mzazi kwa ubani uliovuka bahari kutoka Omani na Usomali, hawajawahi kuuita zawadi ya ajabu.

Alinyonyesha?

Ndiyo. Katika Luka 11:27 mwanamke mmoja anapaza sauti katikati ya umati: "Heri tumbo lililokuzaa, na matiti uliyonyonya." Karibu na Kanisa la Uzazi kuna Pango la Maziwa, la mawe meupe laini, ambapo mapokeo yanasema tone la maziwa ya Mariamu lilidondoka. Mama wa Kikristo na wa Kiislamu huenda huko kuomba maziwa na watoto. Na Januari 2017, akibatiza watoto kwenye Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwaambia akina mama wawanyonyeshe bila woga, kama Maria alivyomnyonyesha Yesu. Wazee wa kanisa wanaowakunjia uso akina mama ibadani wakumbushwe taratibu.

Aliwahi kumgombeza?

Mara moja kwa uhakika. Mtoto ana miaka 12, wametoka Yerusalemu kwenye Pasaka, wametembea siku nzima kila mzazi akidhani yuko na mwenzake au na jamaa. Wanarudi, wanamkuta baada ya siku tatu, amekaa kati ya waalimu. "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Anajibu kwa swali. Luka anaongeza kwamba alishuka nao Nazareti, naye alikuwa akiwatii.

Tunaandaa igizo la Krismasi. Kuna la kurekebisha?

Kwa kawaida Mariamu ni binti wa miaka kumi, kanga ya buluu kichwani na mto umefungwa tumboni. Taa zinazimwa, mto unadondoka nyuma ya pazia, mwanasesere anatokea, na taa zikiwaka binti yuko wima magotini anatabasamu. Mlazeni kwenye mkeka. Wekeni wakunga wawili na beseni. Wasichana wanaobaki kila mwaka na kugeuzwa kondoo watapata kazi ya maana. Yusufu akae kona, mkono shavuni. Wachungaji waongee kwa kunong'ona na wasikae sana.

Halafu mtu mmoja apite na bakuli la uji. Mchungaji akiuliza habari za kanuni ya 79, mwambieni maaskofu walikataza unga wa ngano. Wa ulezi hawakuutaja.